Mume wangu ameacha dawa kwa imani, nimwambieje?

Mpendwa Mchungaji,

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama wa watoto wanne, mkazi wa Moshi. Mimi na mume wangu tumelelewa kanisani tangu ubatizo na kipaimara, kwa hiyo naomba nisieleweke kwamba nazipinga ahadi za Mungu. Linalonikosesha usingizi ni kwamba mume wangu, mwalimu mstaafu ambaye kwa miaka mingi ametumia dawa za shinikizo la damu, ameziacha kabisa tangu Kwaresima, baada ya kikundi cha maombi anachoshiriki kumfundisha kwamba aliyeombewa akaendelea kumeza vidonge anamfanya Mungu kuwa mwongo. Alisimama mbele ya wenzake akatoa ushuhuda wa kupona, nao wakamshangilia, na sasa anaona kwamba kurudia dawa ni kuufuta ushuhuda huo hadharani.

Nikimgusia, hunisomea Isaya 53:5, kwamba kwa kupigwa kwake sisi tumepona. Neno hilo nami naliamini. Lakini presha haina kelele. Mtu hujiona mzima huku mishipa yake ikiumia. Juzi alikubali kwa shingo upande binti yetu ampime, na kipimo kikaonyesha 180 kwa 110. Akaufungua ule mkanda mkononi taratibu, akasema hizo ni dalili za uongo ambazo adui anazitumia kumtikisa. Sikuwa na la kujibu, maana ni mke gani anayetaka kuhesabiwa upande wa adui ndani ya nyumba yake?

Kilichonipa ujasiri wa kuandika ni habari ya Hezekia katika Isaya 38. Mfalme yule aliahidiwa na Mungu kuongezewa miaka 15, akapewa na ishara ya kivuli kurudi nyuma madaraja 10, na bado nabii yuleyule aliyemletea ahadi ndiye aliyeagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake. Sioni popote Isaya akidhani kwamba tini zile zinaitukana ahadi. Paulo naye alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Hata Waebrania 11, sura ambayo kikundi hicho hukariri sana, husema wazi kwamba mashujaa wale walikufa katika imani wakiwa hawajazipokea ahadi, wala hawalaumiwi kwa imani haba. Sehemu hiyo sijawahi kuisikia ikifundishwa katika maombi yao, na jambo hilo linaniuma.

Watoto wananihimiza nivisage vidonge nimtilie katika uji wa asubuhi. Nimekataa, kwa sababu ni mume wangu na ni mtu mzima mwenye akili zake, na siku akigundua hataniamini tena. Hata hivyo baba yake mzazi alifariki kwa kiharusi, na kila anapochelewa kuamka moyo wangu hudunda.

Naomba ushauri wako, Mchungaji. Je, nimwite mchungaji wa usharika wetu aje nyumbani, au hilo litamfedhehesha mzee? Habari ya Hezekia nimweleze mimi, au nimwachie mwanamume mwenzake anayemheshimu? Na jioni, katika ibada ya nyumbani, anapomshukuru Mungu kwa uponyaji uliokamilika kisha akanyamaza akitusubiri tuitikie, niseme Amina?

Wako katika Kristo,
Mama mwenye wasiwasi, Moshi