Jumamosi: kuunda fonti (herufi za kompyuta) kutoka tiketi na lebo za zamani

Habarini wanakikundi. Tunakutana saa 4 asubuhi, palepale Kirumba. Kila mtu aje na karatasi moja ya zamani iliyochapwa kwa herufi za risasi (zilizosubiwa kwa madini ya risasi): tiketi ya meli ya Bukoba, risiti ya pamba, lebo yoyote.

Skani mapema kwa nukta 1200 kwa inchi, rangi ya kijivu, uhifadhi kwa TIFF. Picha ya simu hapana: lenzi hupinda mistari, na JPEG huacha ukungu ambao Inkscape, programu yetu ya kuchorea, huufuatisha kana kwamba ni sehemu ya herufi.

Tafuta herufi ileile mara tatu au nne. Wino husambaa kwenye karatasi, kwa hiyo "a" moja inatoka nene, nyingine imezibwa tumbo. Ukichora moja tu, unanakili ajali. Chora kwa mkono kwenye Inkscape, nukta zinazoshikilia mstari zikae kwenye vilele vya mikunjo. Ukiiachia programu, utarundikiwa nukta kibao na hutaweza kurekebisha chochote.

Kwenye FontForge, programu ya kuundia fonti, tumieni em (kimo cha eneo la kuchorea herufi) ya vipimo 1000. "o" izidi mstari kwa vipimo kama 10 juu na chini, la sivyo itaonekana fupi kuliko "n". Q na X msizitegemee kwenye karatasi za Kiswahili, mtaziunda wenyewe.

Apostrofi ndiyo huwaangusha wengi! Isiposogezwa karibu na herufi za jirani, "ng'ombe" hukatika vipande viwili. Jaribuni na Nyang'hwale.

Laptopu zije na chaji, umeme si wa kuaminika.