Jina letu limefika angani na kosa lake

Mhariri, shikamoo kama umri unaruhusu, kama bado kijana basi mambo vipi. Mimi ni dereva wa watalii hapa Arusha, miaka 14 sasa napanda na kushuka Ngorongoro na Landkruza, na kilichonikalisha chini kuandika ni herufi moja tu, V.

Kisa chenyewe kiko hivi. Jumapili ya Pasaka mwaka 2025, tarehe 20 Aprili, saa tatu kasoro usiku kwa saa zetu, wengi huku bado tunagombania mbavu za mbuzi, kuna chombo cha Wamarekani kinaitwa Lucy kilipita karibu na jiwe moja huko angani, kama kilometa 960 hivi, kwa spidi ya kilometa 13 na ushee kwa sekunde, yaani Arusha mpaka Moshi sekunde sita, trafiki hata filimbi hajaitia mdomoni. Jiwe linaitwa Donaldjohanson, jina la yule mtafiti aliyemkuta Lucy mwenyewe, mifupa ile ya zamadamu wa kale kule Ethiopia, mwaka 1974. Ni asteroidi, urefu kama kilometa 8, na picha zilipokuja ikaonekana ni mabonge mawili yameungana kwa shingo, mimi naona kama karanga haijamenywa.

Kwenye grupu letu la wasapu mtu akarusha eti kimondo kinakuja tusali. Jamani. Kimondo ni kile kilichokwishaanguka, kama cha Mbozi, hili lipo zake kati ya Mirihi na Mshtarii linazunguka jua wala halina habari na sisi.

Sasa utamu, na uchungu wake humohumo. Baadaye mwaka huohuo Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia ukapitisha majina ya sehemu za lile jiwe. Bonge dogo wakaliita Afar, kule kwa Waethiopia. Bonge KUBWA wakaliita Olduvai. Ya kwetu! Nilionyeshwa kwenye simu na mgeni mmoja mwalimu mstaafu, tumesimama pale njia panda penye yale mafuvu mawili makubwa ya sanamu, na sikuamini, maana korongo lenyewe lipo hapo chini kilometa chache tu, ndiko Mary Leakey alikookota fuvu la Zinjanthropus, yule zamadamu wa kale, mwaka 1959. Nikafurahi kama nimepewa tipu ya dola mia.

Halafu nikasoma vizuri. Olduvai. Kwa V.

Mhariri, hakuna kitu kinaitwa Olduvai. Kuna oldupai, lile konge pori lenye majani ya mviringo yaliyochongoka kama pembe, limejaa kule korongoni. Tunavyosimuliana sisi madereva, Mjerumani Kattwinkel alifika mwaka 1911, akauliza hapa panaitwaje, akaambiwa, akasikia vyake, akaandika vyake. Mwaka 2005 jina likarekebishwa rasmi likawa Oldupai, lakini vitabu wanavyokuja navyo wageni bado V, na sasa V imepandishwa mpaka huko ambako hata kupeleka fundi wa mabango haiwezekani.

Nilijikata kidole na jeki siku moja palepale, mzee wa Kimasai akaja taratibu, akavunja jani, akalikamua maji yake juu ya kidonda, yanawasha kidogo, halafu akachana nyuzi za jani hilohilo akanifunga. Nikamwambia ashe oleng mzee, yaani ahsante sana, akaniuliza unajua hili linaitwaje, nikajibu kwa kujidai Olduvai, akacheka mpaka akaegemea bodi la gari. "Kijana wangu, pai. Pai."

Nisieleweke vibaya, sijasema hao wanasayansi wametudharau, wangeweza kuweka majina ya kwao matupu na nani angewauliza? Kwao wamechukua jina moja la Florida kulikorushwa chombo, Windover, wakaliweka kwenye shingo. Bonge kubwa wakatupa sisi. Ila nani aliwapa spelingi? Sisi wenyewe. Kwenye gazeti lako hili wiki iliyopita nimehesabu Olduvai mara tatu kwenye ukurasa mmoja, halafu chini pembeni Oldupai mara moja, kama vile ni sehemu mbili tofauti.

Ombi langu dogo. Hiyo habari ya jiwe iandikeni, ukurasa mzima, na picha, maana wageni wanajua na sisi wenye korongo hatujui, kijana wangu wa darasa la sita nilipomwambia aliniuliza baba unanitania. Na mkiiandika, tieni P. Jumamosi natoka na wageni wanne kwenda Serengeti, nikipata nakala nitaibandika kwenye dashibodi.

Dereva wa watalii,
Sakina, Arusha