Barua ya wazi kwa Waziri wa Maendeleo ya Jamii: nauli ya mjane haimo kwenye mradi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum

YAH: FEDHA ZA WAFADHILI KWA AJILI YA HAKI ZA WANAWAKE

Mheshimiwa Waziri,

Salaam kutoka Kigombe, wilaya ya Muheza, mkoani Tanga. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Tangu nilipoacha chaki nimekuwa msaidizi wa kisheria katika kata yetu, na siku za bamvua, maji yakikupwa, utanikuta na wenzangu kwenye shamba la mwani. Nakuandikia kuhusu fedha ambazo nchi za nje hutoa kwa jina letu sisi wanawake, na kuhusu safari saba za mjane mmoja.

Safari hizo nimeziandika daftarini. Mumewe alifariki akaacha watoto, nyumba na shamba la minazi. Sehemu ya shamba hilo waliinunua wote wawili, na fedha ya mke ilikuwa ya mwani, aliyoidunduliza miaka sita. Hati ya mauziano ipo, ameikunja mara nne akaitia ndani ya kopo la maziwa. Arobaini ilipita, yeye bado amekaa eda, hatoki, na mashemeji wakaja na mkwezi wao. Nazi zikaangushwa, zikahesabiwa, zikapakiwa, yeye akizisikia zikianguka moja moja. Akaambiwa atulie, mambo ya ukoo yatazungumzwa. Hata thumuni yake, ambayo dini yetu imempa mjane ambaye mumewe ameacha watoto, hakuna aliyeitaja.

Eda ilipokwisha tukaanza kwenda. Safari ya kwanza ilikuwa ya cheti cha kifo. Ya pili ilikuwa ya cheti hichohicho, maana jina la marehemu lilikosewa herufi mbili na lisingelingana na lile la kwenye hati. Ya tatu tulipeleka Mahakama ya Mwanzo ombi la usimamizi wa mirathi, pamoja na muhtasari wa kikao cha ukoo, na muhtasari huo ulituchukua wiki tano za kumbembeleza mzee mmoja atie sahihi. Ya nne tukakuta shemeji ameweka pingamizi. Ya tano shauri likaahirishwa. Ya sita alisindikizwa na mwenzangu kwa sababu mimi nilikuwa na homa. Ya saba ndiyo akateuliwa msimamizi, akatoka nje ya mahakama, akakaa chini ya mwembe, akaniomba maji.

Kila safari ni bodaboda hadi barabarani, kisha gari, fotokopi, chai na andazi, na kurudi. Kwa mtu wa mjini ni fedha ndogo. Kwake yeye kila safari ilikuwa pia siku ya kazi iliyopotea, na mara mbili iliangukia bamvua, siku ambazo mwani usipovunwa hukatika ukachukuliwa na maji. Alishinda kwa sababu alikuwa na mtu wa kwenda naye na kikundi cha kumchangia nauli. Bila hivyo angekata tamaa kwenye safari ya tatu, kama wengi ninaowajua.

Mwaka huohuo nilialikwa warsha mbili za haki za ardhi za wanawake, zote kwa fedha za wafadhili. Sizidharau warsha, Mheshimiwa. Ni kwenye warsha nilikojifunza kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi kwa sababu ni mwanamke. Lakini baada ya kukijua kifungu, kuna kukipeleka mbele ya hakimu, na kukipeleka tena kikiahirishwa. Nilipouliza kama mradi una fungu la kuwasindikiza wenye mashauri, nilijibiwa kwa upole kwamba mradi ni wa kujenga uelewa, na utafungwa mwezi wa tisa. Shauri la mjane wangu lilimalizika mwezi wa pili wa mwaka uliofuata.

Nikaanza kutafuta kujua fedha hizi huhesabiwa vipi huko zinakotoka. Nchi wafadhili zilizomo kwenye Kamati ya Misaada ya OECD, umoja wa nchi ambazo nyingi ni tajiri, huupa kila mradi alama. Mradi usiolenga usawa wa kijinsia hupata 0. Mradi ambao usawa ni moja ya malengo yake, ingawa si lengo kuu, hupata 1. Mradi ulioanzishwa hasa kwa ajili ya usawa hupata 2. Kwa miaka ya karibuni, misaada yenye alama 1 na 2 kwa pamoja imekuwa zaidi kidogo ya asilimia 40 ya misaada inayotoka nchi kwenda nchi. Ukiisoma namba hiyo peke yake utadhani wanawake wanahudumiwa vizuri. Ila yenye alama 2 ni kama asilimia 4 tu. Na zinazofika moja kwa moja kwa vyama na vikundi vya wanawake vinavyotetea haki hazifiki hata asilimia 1.

Kwa hiyo kisima kikichimbwa, na andiko likaonyesha kuwa kupunguzia wanawake mwendo wa maji ni moja ya malengo yake, kisima hicho huingia kwenye hesabu ya usawa wa kijinsia. Na mimi nakitaka kisima, nimebeba ndoo tangu nina miaka saba. Ninachosema ni kwamba kisima hakimrudishii mjane minazi yake, na hesabu ikiviweka pamoja anayeisoma huko mbali ataona kazi yetu imeshagharamiwa.

Kwa nini hazitufikii? Hapa niruhusu nikueleze habari za sanduku letu. Kikundi chetu kina sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo zinashikwa na wanawake watatu wanaokaa vitongoji tofauti, na halifunguliwi mpaka wote watatu wapo na wanachama wanatazama. Fedha huhesabiwa kwa sauti. Asiyejua kusoma hukariri salio la mkutano uliopita kwa kichwa, na wanalikariri barabara kuliko mimi mwenye daftari. Kuna fungu la hisa, fungu la mikopo na fungu la jamii, lile la misiba na wagonjwa. Nauli za mahakamani tulizitoa kwenye hilo la tatu. Kwa miaka yote hiyo hatujapoteza hata shilingi.

Tulipoomba ruzuku kutoka mfuko mmoja wa wafadhili, fomu ilikuja kwa Kiingereza, kurasa ishirini na tatu. Walitaka hesabu zilizokaguliwa na mkaguzi aliyesajiliwa kwa miaka mitatu mfululizo. Gharama ya mkaguzi huyo kwa mwaka mmoja inazidi fungu letu la jamii la mwaka mzima. Walitaka pia tueleze nadharia yetu ya mabadiliko, yaani jinsi kazi yetu itakavyoleta mabadiliko tunayoyataka. Nilikaa usiku tatu natafsiri, nikiwauliza wenzangu kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza changu cha darasani. Mwenzangu mmoja alisema, "Andika kwamba tunataka mtu akidhulumiwa asiende peke yake." Sikupata mahali pa kuliandika. Fomu haikuwa na kisanduku chake.

Tulikosa. Fedha zilikwenda kwa shirika kubwa la mjini lenye wahasibu na gari. Silionei wivu, linafanya kazi. Lakini nalo lilipokuja kijijini lilitukuta sisi, likatuomba tuwakusanye wanawake, tukawakusanya, picha zikapigwa, na jioni gari likaondoka.

Wakati mwingine nakumbuka kwamba mkoa wetu ulishawahi kupata msaada wa namna nyingine. Mwaka 1994 Serikali ya Ireland ilianza kugharamia mradi wa hifadhi na maendeleo ya ukanda wa pwani ya Tanga, kwa ushauri wa IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, katika wilaya za Tanga, Muheza na Pangani. Uliendelea hadi 2007. Miaka kumi na mitatu, Mheshimiwa! Watoto niliowafundisha darasa la kwanza ulipoanza walikuwa watu wazima ulipofungwa. Ulishughulika na uvuvi wa baruti, na mikoko, na mwani, na ulisisitiza wanawake wawemo kwenye mikutano ambayo zamani tulikuwa tunaisikia kwa mbali tukiwa jikoni. Mwanzoni wanawake walikuja wakakaa nyuma kimya. Ilichukua miaka kabla hawajasimama kusema. Mradi wa miezi kumi na minane ungewakuta bado wako kimya, ungeandika ripoti, ungefunga. Si kila kitu kilichofanyika wakati ule kilidumu, baruti tulizisikia tena baadaye. Lakini kusema mkutanoni kumedumu.

Leo hata hicho kidogo kinapungua. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Julai mwaka huo shirika lake la misaada, USAID, likaacha kabisa kuendesha miradi. Uingereza, ambayo mwaka 2021 ilikwishapunguza misaada kutoka asilimia 0.7 ya pato lake hadi 0.5, ikatangaza itashuka hadi 0.3 ifikapo 2027. Sweden, nchi ya kwanza kutangaza sera ya nje ya kifeministi, yaani inayotanguliza haki za wanawake, mwaka 2014, iliiacha mwaka 2022. Ile asilimia 0.7 Umoja wa Mataifa uliiweka kuwa lengo tangu 1970, mimi nikiwa mtoto, na nchi zilizowahi kuifikia ni chache.

Kwetu habari hizo zilifika kwa simu. Chumba tulichokuwa tunakitumia mjini kupokea wanawake wenye mashauri kilikuwa kinalipiwa na shirika linalopokea fedha za nje. Tuliambiwa tukabidhi funguo mwisho wa mwezi. Majalada tuliyabeba kwenye viroba viwili, na sasa yako chumbani kwangu, juu ya kabati, nimeyafunika kanga panya wasiyafikie. Ni siri za watu hizo, kuna za waliopigwa, kuna za mabinti walioharibiwa. Si mahali pake.

Sasa niseme ninachokuomba.

Wewe na wenzako serikalini mnapokaa na wabia wa maendeleo, ombeni kwamba sehemu ya fedha zinazoandikwa jina la wanawake ishuke moja kwa moja hadi vikundi vilivyosajiliwa vya kata na vijiji. Iwe ndogo lakini ya miaka mitano. Iruhusiwe kulipa nauli, kodi ya chumba na karatasi. Maombi yapokelewe kwa Kiswahili, na sanduku la kufuli tatu lenye daftari safi likubalike kuwa ni hesabu. Afisa maendeleo ya jamii wa kata anatujua, anaweza kuja kulishuhudia likifunguliwa.

Na fedha za nyumbani nazo nazisema. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, ni jambo ambalo nchi nyingi hazina. Ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, nasi tulishukuru. Lakini ni mkopo, hata kama hauna riba, na mkopo ni wa biashara. Huwezi kukopa nauli ya kudai mirathi ukairejesha kwa marejesho ya mwezi. Serikali inatugharamia tunapouza, na tunapodai haki tunachangishana. Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, ambayo Tanzania iliiridhia mwaka 2007, inazitaka nchi zitenge bajeti ya kutekeleza haki hizi. MTAKUWWA, yaani mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, awamu yake ya pili imezinduliwa mwaka 2024, na mpango huo una kamati hadi ngazi ya kijiji. Ya kwetu inakutana kwa moyo tu, haina hata fungu la kumpeleka hospitali binti aliyebakwa usiku, na kila saa inayopita ushahidi unapotea. Naomba kamati hizo ziwe na kifungu chake kwenye bajeti ya kila halmashauri, kisichotegemea nani ameshinda uchaguzi Washington au London.

Mwaka 1995 mama wa Kitanzania, Gertrude Mongella, ndiye aliyekuwa Katibu Mkuu wa mkutano wa dunia wa wanawake uliofanyika Beijing. Nilisikiliza redioni, darasa zima la sita likiwa limenizunguka, na niliwaambia wale wasichana kwamba yule anayesimamia ni wa kwetu. Baadhi yao sasa ndio wanaokuja kwangu na karatasi zao kwenye makopo.

Mmoja ana tarehe mahakamani wiki ijayo, siku ya Jumatano. Ni siku ya bamvua. Tumekubaliana wenzake wamvunie mwani wake, na mimi niende naye. Nauli ya kwenda tunayo. Ya kurudi tutaichangisha Jumapili, sanduku likifunguliwa.

Wako katika kazi,

Msaidizi wa kisheria, na mwekahazina wa kikundi cha wanawake wakulima wa mwani
Kigombe, Tanga