Usikubali silikoni kwenye sampu

Morogoro,
Jumapili jioni

Rafiki yangu Shabani,

Asalaam aleikum. Shemeji hajambo? Watoto je? Huku sote wazima, mama anakusalimu na anauliza lini utakuja.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Gari inadondosha oili tangu umwage wiki jana, fundi anasema nati ya sampu, lile beseni la oili chini ya injini, imeliwa meno, na dawa yake ni kupaka silikoni, ile gundi ya kuzibia, halafu kukaza. Shabani, nakuomba usikubali. Corolla yako na yangu ni pacha, zote injini ya 5A, na hilo lililokupata lilinipata mimi mwezi wa Ramadhani.

Nilikuwa chini ya gari, beseni liko tayari. Spana namba 14 ikagoma kidogo, kisha ikalegea ghafla, lakini bolti haikushuka. Ikawa inazunguka palepale. Ikabidi niingize bisibisi bapa nyuma ya kichwa chake, niivute huku naizungusha. Ilipotoka nikaifuta kwa kitambaa, nikaona imejiviringishia uzi wa chuma unaong'aa, mwembamba kama springi ya kalamu. Yalikuwa meno ya sampu yenyewe, yametoka mazima mazima. Moyo uliniuma kweli, maana gari ile ndiyo inayompeleka mama kliniki.

Wa kulaumiwa ni aliyemwaga oili kabla yangu. Ile wosha ya bolti ilikuwa imebanwa miaka mingi hata imekuwa ngumu kama bati, haizibi tena. Badala ya kuweka mpya, akachomeka bomba kwenye spana ili apate nguvu, akakaza. Bolti ile haihitaji nguvu hizo. Unene wa meno yake ni milimita 12 (14 ya spana ni ya kichwa tu), na mkazo wake hauzidi niutoni-mita 40: mkono mmoja, spana ya kawaida, basi. Tena ukiwa umelala chini ya gari ni rahisi kuchanganya upande wa kufungulia na wa kukazia. Wengine huikaza wakidhani wanafungua.

Sasa kabla hujatoa hela, umwage oili, utoe bolti na uitazame. Kama meno yake ndiyo yaliyolala na ya sampu yako wima, una bahati, nunua bolti mpya na wosha yake. Ijaribu kwa vidole: ikiingia yote bila kukwama wala kuchezacheza, kazi imeisha. Kama imetoka na ule uzi wa chuma, shida iko kwenye sampu.

Silikoni haiwezi kuwa meno. Inaziba tu, nayo ikipata moto wa oili na mtikisiko wa barabara, bolti inaanza kulegea. Vipande vinavyoingia ndani huishia kwenye chujio la pampu, pale oili inapovutwa. Ukipoteza oili njiani kati ya Gairo na Dodoma usiku, taa nyekundu ya oili ikiwaka umeshachelewa, injini imenoki, imekufa.

Mimi nilipanua tundu. Nilipata tapu, kile chuma cha kuchongea meno ndani ya tundu, ya 14 kwa 1.5 (unene milimita 14, jino hadi jino milimita 1.5), na bolti yake. Sampu zetu ni za bati la chuma, zimechomelewa nati kwa ndani, na nyama ya ile nati inatosha kuchukua meno mapya. Usiruhusu mtu aitie drili ya umeme ovyo. Nilijaza grisi kwenye mifereji ya tapu ili chenga za chuma zinate humo, nikaianzisha kwa mkono, nikaitazama mbele na pembeni kuhakikisha imesimama sawa. Hapo ndipo nilipotumia muda mwingi, kwa sababu ikianza upande, bolti italala upande na wosha haitaziba kamwe. Nusu mzunguko mbele, robo nyuma. Kila baada ya mizunguko miwili naitoa, nafuta, napaka grisi upya. Ilinichukua karibu saa nzima, na sijutii hata dakika moja.

Nilipomaliza nilimimina nusu lita ya oili ya bei nafuu kwa juu, tundu likiwa wazi, ioshe chenga zilizobaki. Ikatoka na vipunje viwili vitatu. Nikarudia mpaka ikatoka safi. Kisha bolti mpya, wosha ya shaba, oili mpya. Nikawasha dakika kumi, nikazima, nikatandika gazeti chini usiku kucha. Asubuhi lilikuwa kavu. Mpaka leo ni kavu.

Kama utakuta sampu yako ilishabadilishwa ikawekwa ya aluminiamu (igusishe sumaku, isiponata ndiyo hiyo), usifuate njia yangu. Aluminiamu ni laini, huko mafundi huingiza springi ya meno ya chuma kisha unarudi kwenye bolti yako ileile ya 12. Mtafute mchongaji wa vyuma, si fundi wa pembeni mwa barabara.

Na tafadhali, usiingie chini gari ikiwa imeshikwa na jeki peke yake. Weka stendi.

Tapu yangu naituma kwa basi la Jumatano asubuhi, nimeifunga kwenye kitambaa pamoja na wosha mbili za shaba. Bolti ya 14 itafute huko, ila ipime na tapu kabla ya kulipa. Mpaka hapo gari isitoke nyumbani.

Ndugu yako,
Hamisi