Rehema, usipokuja watafyeka mteremko wote

Rehema ndugu yangu,

Salamu kwanza. Huku hatujambo. Mguu wa mama umepona na ameanza tena kutugombeza, kwa hiyo tunashukuru. Utasema nimekukumbuka kwa sababu nina shida. Haya, nina shida.

Ni kundi letu la matembezi ya msituni. Tangu uhame limekua mpaka njia haitutoshi. Tukishika njia ya kijito, wa mbele wamefika kwenye miamba, wa nyuma bado wanafunga kamba za viatu, na katikati yupo Mama Tatu anasimulia harusi ya binti yake kwa sauti ambayo hakuna ndege anayeistahimili. Wewe ulikuwa ukimnyamazisha kwa jicho tu. Mimi sina jicho hilo.

Lakini kelele si neno. Neno ni lantana, kile kichaka cha kigeni chenye miiba. Unaukumbuka mteremko wa ng'ambo ya kijito? Umefunga kabisa, hata mbwa hapenyi. Sasa Kito kasimama kwenye kikao akasema Jumamosi moja inatosha: kila mtu aje na panga, tufyeke mteremko mzima, tupande miche safu kwa safu, tupige picha. Watu wakapiga makofi. Mzee Shabani, anayepinga hata tarehe ya kikao kijacho, naye akapiga!

Nilitamani uwepo. Lantana ukiikata tu bila kung'oa kisiki na mizizi yake, inachipua upya, na mara hii inashonana zaidi. Tena ukilifungulia jua eneo zima kwa siku moja, kinachowahi kuota ni magugu ambayo mbegu zake zimelala udongoni zikingoja mwanga. Mvua ikinyesha kabla hayajashika, udongo wote uko kijitoni. Na vile vindege vidogo, unavyovijua wewe kwa majina na mimi kwa mikia, vinajenga viota humo humo kwenye miiba kwa kukosa pengine. Tunamfukuza mvamizi na wapangaji wake wote kwa pamoja.

Nimekuwa nikisoma habari za akina dada wawili wa Sydney, Australia, Joan na Eileen Bradley. Miaka ya 1960 walikuwa wakipalilia msitu wa jirani yao kwa mikono na vifaa vidogo vidogo. Kilichonishika ni pa kuanzia. Wao walianzia pale msitu ulipo mzima, penye gugu moja moja, wakasogea taratibu kuelekea palipoharibika. Sisi tunataka kuanzia kwenye kovu kubwa kwa sababu ndilo linaloonekana barabarani. Walipochimbua udongo waliurudisha na kuufunika kwa majani makavu yale yale. Na hawakusonga mbele mpaka mimea ya asili iwe imejaza pale walipotoka. Msitu ndio uliopanga mwendo wao.

Nikamweleza Kito yote haya. Akaniuliza itachukua muda gani. Nikamwambia miaka. "Dada, watu watachoka," akasema, na siwezi kumpinga sana hapo, maana mtu akitoa jasho anataka kuona alipolitolea. Ila miche yenyewe aliyoahidiwa, Rehema, ni mikaratusi! Mti wa Australia, ambao kule kwa akina Bradley ndio mwenyeji wa kulindwa, sisi tuuchimbie mashimo hapa tuseme tunarudisha msitu wa asili. Nilicheka peke yangu, hakuna aliyenielewa.

Mengine yanakwenda. Matembezi ya usiku ndiyo yanayopendwa na watoto, hasa tangu tupate tochi ya mwanga wa zambarau ile inayowafanya nge wang'ae kijani-kijani gizani. Wazazi hawakujua msitu una nge wengi hivyo, na wengine wangependa wasingejua. Bado nawalazimisha watu wapige viatu brashi kabla ya kuingia, maana mbegu za magugu hupenda kupanda soli za viatu. Wameshaniita askari wa forodha. Waniite tu.

Nirudi kwa lantana. Juzi nilitambaa chini yake kutoka upande wa miamba, nguo zikachanika, na humo kivulini nikakuta miche imejiotea yenyewe. Ipo ya ule mti wa gome la kubambuka ambao jina lake hunipotea kila mara, na mingine sikuitambua. Panga halichagui, utaondoka wote na lantana yake. Nikisema mimi ni maneno ya mtu mbishi. Ukiwapeleka wewe pale, mmoja mmoja kwa magoti, uwaonyeshe na kuwatajia, hata Kito ataliweka panga chini. Tunaweza kumpa yeye kazi ya kung'oa visiki pembeni, kwenye ukingo wa msitu mzima, nguvu anazo.

Sasa nijibu. Lile daftari lako la miche, lenye ramani uliyochora kwa kalamu nyekundu, bado unalo au lilipotea mlipohama? Unaweza kuja kabla ya mwisho wa mwezi? Shemeji atakuruhusu au nimwandikie mimi? Kile kitalu ulichosema kinaotesha miti ya asili, bado kipo, na wanauza au wanagawa? Hivi ule mti unaitwaje, kwa hisani yako, kwa mara ya mwisho? Na magoti yako yanaweza kutambaa bado?

Nisalimie watoto. Kama huwezi kuja, nitumie basi hata picha za kurasa za daftari, nizichapishe nizibandike pale tunapokutania.

Wako,
Mwanaidi