Lumbesa na kwaya ya Jumapili

Mhariri,

Wakulima wanapolalamikia lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, wananisema mimi. Nanunua viazi Umalila na kuvileta Uyole. Gunia halitakiwi kuzidi kilo 100. Langu huvishwa kilemba cha wavu likavimba kama mjamzito, nami hulipa bei ya gunia moja. Jumapili naimba kwaya, sauti ya pili.

Kwaresima iliyopita niliapa kuacha. Nikanunua hata mzani wa kuning'iniza. Wiki ya kwanza nilipima kweli. Ya pili ada ya mtoto ikadaiwa, mzani ukalala chini ya turubai. Paulo aliwaandikia Warumi, sura ya 7, kwamba hutenda baya asilolitaka. Miaka yote nilidhani somo hilo ni la walevi.

Nikamrudia mama mmoja niliyempunja, nikamlipa tofauti. Akahesabu noti mara mbili, akauliza, "Na za msimu uliopita, baba?" Mpaka leo sijamjibu.

Naomba wanunuzi wenzangu tupime pamoja, gunia kwa gunia, kila mmoja akimwona mwenzake. Peke yangu naanguka.

Mnunuzi wa viazi,
Uyole, Mbeya