Baba Mdogo, si kiwanja, ni gita

Baba Mdogo, shikamoo.

Jumapili uliponipigia kutoka Ngarenaro uliniuliza, "Hizo hela unazodunduliza, kiwanja umeshakiona?" Nikakujibu simu inakatakata, nitakupigia baadaye. Simu ilikuwa nzima. Nilishindwa kukwambia kwamba ninachodundulizia si kiwanja, ni gita. Na sikukupigia. Nimeona bora nikuandikie, tena mahali ambapo wengine nao watasoma, maana wako wazee wengi waliopiga dansi miaka ile, na watoto wao, ambao habari hii ni yao vilevile.

Gita lenyewe ni la umeme, linaitwa Gibson ES-335. Kabla hujauliza bei, niruhusu nianzie mbali kidogo.

Desemba ya mwaka 1988 Baba alinileta kwako likizo. Nilikuwa na miaka minane. Jumamosi ukanichukua ukumbini, Mama Mdogo asijue, ukanikalisha nyuma ya jukwaa juu ya kreti la soda, jirani kabisa na amplifaya. Nyimbo za usiku ule nyingi nimezisahau. Nilichobaki nacho ni mvumo. Gita likishachomekwa, kabla wimbo haujaanza, spika ilikuwa ikivuma chini kwa chini, watu wanajiweka sawa, mwimbaji anasafisha koo, halafu kidole chako kinagusa uzi na ule mvumo unamezwa. Mpaka leo nikisikia spika inavuma vile mwili unanisisimka.

Ninachokikumbuka zaidi kilikuja baadaye. Saa tisa usiku, ukumbi mtupu, mtunza vyombo akaja na tochi na kaunta buku. Ulifuta nyuzi kwa leso yako, mmoja mmoja, ukalilaza gita kwenye boksi lake, ukasaini. Akafunga stoo, funguo akazitia mfukoni. Tukarudi nyumbani kwa miguu, mikono yako mitupu. Nikakuuliza mbona tumeliacha gita lako. Ukasema, "Si langu. La bendi."

Mtoto hawezi kulielewa jambo hilo. Seremala wa jirani alikuwa na randa yake, Bibi alikuwa na jembe lake, na wewe uliyekuwa ukishangiliwa na ukumbi mzima hukuwa na chombo. Nilipokua ndipo nikaelewa kwamba bendi zilikuwa za chama, za jeshi, za polisi, za mashirika. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park, iliyoundwa mwaka 1978, baadaye ikawa chini ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Vyombo vilikuwa vya mwenye bendi, na mwanamuziki akihama alihama na vidole vyake tu. Sisemi utaratibu ule ulikuwa mbaya. Bila mwenye bendi, nani angenunua amplifaya? Nyimbo tunazozililia leo zilipigwa kwa vyombo hivyo. Lakini bendi yako ilipokufa vyombo vilifungiwa, na tangu siku hiyo sijakuona umeshika gita. Nimeona tu vidole vya mkono wako wa kushoto vikitembea juu ya meza redio inapofika kwenye chemko, pale wimbo unapopamba moto. Kila mara natazama pembeni, nisikutie haya.

Na mimi, Baba Mdogo, yamenipata hayohayo. Unajua napiga kanisani. Gita ni la usharika. Kila Jumapili nalitoa stoo, nalipiga, nalirudisha, nasaini daftari. Miaka kumi na mmoja sasa. Katikati ya wiki wazo likinijia, wazo la solo, nalipiga mluzi nikiwa kwenye kibanda changu cha ufundi Majengo na bisibisi mkononi, nikiomba lisinitoke mpaka Jumapili. Mengi hunitoka.

Sasa niseme kwa nini gita hili na si lingine, na hapa uniache nizungumze kama fundi.

Unakumbuka magita yenye tumbo wazi yalivyokuwa yakisumbua. Ukiongeza sauti, mlio wa spika unaingia tumboni, tumbo linatetemeka na kutikisa nyuzi, nyuzi zinairudishia spika mlio uleule, mpaka ukumbi mzima unaziba masikio. Gita la mbao tupu lisilo na tumbo halina shida hiyo, ila wengi huona limekosa ule ukarimu wa sauti. Mwaka 1958 mafundi wa Gibson, kiwandani kwao Kalamazoo, jimbo la Michigan, Marekani, walipata njia ya kati. Walipitisha gogo la mbao katikati ya tumbo, kuanzia shingoni hadi chini, wakaacha mbavu mbili za pembeni wazi, kila upande na tundu lake lenye umbo la herufi f. Gogo linazuia kelele, mbavu zinaleta joto la sauti. Hilo ndilo ES-335. B.B. King, mpiga blues maarufu wa Marekani aliyeliita gita lake Lucille, alikuwa akipiga ndugu yake wa tumbo moja, ES-355.

Halafu kuna ule mvumo wako. Chini ya nyuzi kuna sumaku zilizozungushiwa waya wa shaba mwembamba sana, maelfu ya mizunguko, ndiyo koili. Uzi wa chuma ukitetemeka juu ya sumaku, umeme mdogo unazaliwa kwenye waya na kwenda kwenye amplifaya. Ubaya wake, koili hiyo inadaka pia mawimbi ya umeme wa majumbani, ambao kwetu hugeuka mara 50 kwa sekunde, na ya taa za mirija. Ndio mvumo. Mwaka 1955 mhandisi wa Gibson, Seth Lover, alitengeneza koili mbili badala ya moja, moja ikifungwa kinyume cha mwenzake, sumaku nazo zikigeuziana. Mvumo unaingia kwenye zote mbili lakini unakutana ukiwa kinyume, unajifuta. Sauti ya nyuzi inajumlishwa. Mimi nimefunga koili kwa mikono yangu miaka ishirini, na kila nikilifikiria jambo hilo navua kofia. Ni hesabu ya kujumlisha na kutoa, na imemaliza ugonjwa uliokuwa ukisumbua kila ukumbi.

Nimelishika mara moja. Mwaka juzi mwanamuziki kutoka Nairobi alikuja kupiga kwenye harusi hapa Moshi, amplifaya yake ikamfia mchana. Nikaitwa. Nilipoimaliza akanipa gita lake nijaribu. Jekundu, limechakaa pale mkono unapoegemea. Nikalichomeka, nikatega sikio kusubiri mvumo. Kimya. Baba Mdogo, kimya kabisa, na spika imefunguliwa. Nikapiga lile zoezi lako la kupanda na kushuka kwa uzi wa tatu na wa pili, ulilonifundisha kwenye ufagio kwa sababu gita lilikuwa limefungiwa stoo. Kila noti ilitoka nene, iko peke yake, na ya mwisho ilibaki hewani muda mrefu hata nikageuka kuitazama spika. Alipolichomoa nikaligusa tena: likasikika kidogo hata bila umeme, kwa sababu ya zile mbavu zilizo wazi. Nikawaza, umeme ukikatika usiku, mtu anaweza kuendelea kupiga watoto wakiwa wamelala.

Jipya linauzwa zaidi ya dola 3,000. Ukihesabu shilingi 2,500 kwa dola ni zaidi ya milioni 7 na nusu, bado usafiri, bado kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18. Yale yaliyotengenezwa miaka ya mwanzo yanakwenda makumi ya maelfu ya dola, hayo nayaacha. Tangu mwaka 2021 nimeweka milioni 5 na laki 2. Ada za watoto zimelipwa mpaka mwisho wa mwaka, deni sina, na mama watoto anajua kila shilingi. Yeye ndiye aliyeniambia niache kukukwepa.

Najua utasema kiwanja hakiozi. Ni kweli, na nitanunua, Mungu akipenda, labda kule Uru ambako bei bado inashikika. Lakini kwetu kila mtu akishika hela anaulizwa kiwanja, na sikumbuki aliyewahi kuulizwa, "Wewe chombo chako cha kazi unacho?" Hata mpingo wetu, mti wa hapahapa ambao marehemu Sebastian Chuwa aliutumikia miaka mingi hapa Moshi akiotesha miche yake, tunaukata, tunausafirisha Ulaya ukawe klarineti za watu. Ubao wa shingoni wa yale ES-335 ya kwanza ni mbao ya Brazili, ukoo mmoja na mpingo. Nikilipokea gita hili nitaona ukoo wa mti wa kwetu umerudi ukiwa unaimba.

Najua pia kuna Epiphone, jina lililo mikononi mwa Gibson tangu mwaka 1957, wanaotengeneza gita la umbo hilohilo kwa bei ndogo sana. Ni gita zuri. Kijana akiniuliza nitamwambia anunue hilo. Nililifikiria miezi mitatu, na ningeshalinunua kama si Pasaka ya mwaka jana.

Pasaka ulinituma chumbani nikakuchukulie kadi ya kliniki kwenye droo. Chini ya kadi kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, nikaikunjua nikidhani ni risiti. Ilikuwa ile picha. Ile uliyoikata kwenye gazeti la kizungu ukaibandika kwa uji wa ngano ndani ya mlango wa kabati, nyumba ile ya zamani, ambayo nilikuwa nikiiangalia kila asubuhi ile likizo ya 1988: gita jekundu lenye matundu mawili kama herufi f. Pembe zake bado zina madoa ya uji. Kabati uliliuza, nyumba ulihama mara tatu, picha uliibandua ukatembea nayo. Niliikunja vilevile ilivyokuwa, nikakuletea kadi, nikakaa.

Kwa hiyo ukiniambia kiwanja, nakusikia. Lakini nimeiona droo yako.

Likifika halitaingia stoo yoyote na hakuna daftari la kusaini. Litakaa kwangu miezi, na miezi litakaa kwako Ngarenaro, kwenye kiti kile karibu na redio. Nauli ya kuja Moshi kulifungua boksi nimeshaitenga. Sitalichomeka kabla hujafika.

Jambo moja tu nataka unijibu, kwa sababu naagiza nyuzi pamoja na gita. Zamani najua ulikuwa ukipenda nene. Vidole vyako vya sasa, vitaweza unene wa namba 11, au nichukue nyembamba zaidi, 10, au 9? Usinipigie kama hutaki kulizungumza. Nitumie meseji, namba peke yake inatosha.

Mwanao, Moshi.